Gia Ngapi Zinatosha? Kuchagua Giaboksi ya Otomatiki kwa Gari la Barabarani na la Mashindano

Mada hii inaunganisha sura tatu ulizokwisha kuzipitia: mashine sahili, msuguano na joto. Watunga mitihani hupenda swali la aina hii kwa sababu halijibiki kwa kukariri. Unapewa hali fulani, unapewa namba chache, kisha unaambiwa uchague na utetee uchaguzi wako. Mtahiniwa anayejua fomula tu hubaki akiitazama karatasi. Anayejua fomula inasema nini huandika.

Hali yetu ni hii. Mtu mmoja nchini Marekani ana gari lenye injini ya silinda nane iliyoongezwa nguvu hadi nguvu farasi 800. Siku za kazi anakwenda nalo ofisini kwa barabara kuu, na Jumamosi analipeleka kwenye uwanja wa mbio za mstari ulionyooka. Anataka giaboksi ya otomatiki. Akikosea kuchagua, mojawapo ya mambo matatu litamfika: gari litakuwa zito mbioni, au litakuwa kero barabarani, au giaboksi itapasuka chini ya miguu yake. Hilo la tatu si mzaha, nasi tutalirudia.

Mbio zenyewe

Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, na anayefika kwanza mwisho ameshinda. Umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Chama kikuu cha mchezo huu Marekani, kinachojulikana kwa herufi NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa vijana kwenye barabara za watu na kuwapeleka uwanjani. Kumbuka jambo hilo kabla hujamweleza rafiki yako mwenye gari kuhusu mada hii.

Kuna aina ya mashindano ambayo dereva hutangaza mapema muda atakaotumia. Akichelewa sana kuliko alivyotangaza, atashindwa. Akiwahi kuliko alivyotangaza, hiyo nayo huhesabiwa kosa. Hapo kinachotafutwa ni gari linalorudia jambo lile lile kila safari. Mkono wa binadamu kwenye gia ya kawaida hauwezi kurudia hivyo mara kumi mfululizo, lakini otomatiki inaweza. Ndiyo maana katika mchezo huu otomatiki haidharauliwi kama inavyodharauliwa na baadhi ya madereva wa kwetu wanaoiita gia ya wavivu.

Torki na uwezo si kitu kimoja

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Torki ni nguvu ya kuzungusha: kani zidisha umbali kutoka katikati ya mzunguko. Kipimo chake ni nyutoni mita (Nm). Uwezo ni kasi ya kufanya kazi, na kipimo chake ni wati. Nguvu farasi, licha ya jina lake, hupima uwezo na wala haipimi kani. Nguvu farasi 1 ni wati 746, hivyo gari letu lina 800 × 746 = wati 596,800, au takribani kilowati 597.

Vitu hivyo viwili huunganishwa hivi:

Uwezo (kW) = torki (Nm) × mizunguko kwa dakika ÷ 9,549

Ikiwa injini yetu hufikia kilowati 597 ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, torki yake hapo ni 597 × 9,549 ÷ 6,500, yaani takribani Nm 877.

Gia haiongezi uwezo. Hakuna mashine sahili inayoongeza uwezo, na ukiandika kwamba gia huongeza uwezo mtahini atapiga mstari mwekundu pale pale. Gia hubadilisha mizunguko kuwa torki, au torki kuwa mizunguko. Uwiano wa gia ukiwa 2.48, shafti ya kutokea huzunguka mara moja kwa kila mizunguko 2.48 ya kuingia, na torki yake huwa kubwa mara 2.48, ukiacha kando kiasi kinachopotea kwa msuguano. Ni wenzo ule ule wa kung'olea kisiki, ila umekunjwa ukawa duara.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki

Badala ya klachi ya kukanyaga kuna konveta. Chukua feni mbili zikitazamana. Ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha ya pili ingawa haijaunganishwa na umeme. Ndani ya konveta upepo huo ni oili. Upande wa injini una mapezi yanayoisukuma (tuuite pampu), na upande wa giaboksi una mapezi yanayosukumwa (tuuite tabaini). Katikati yake kuna stata, gurudumu dogo lenye mapezi linaloweza kuzunguka upande mmoja tu. Kazi yake ni kuigeuza oili inayorudi kutoka kwenye tabaini ili iisaidie pampu badala ya kuipinga. Kwa sababu ya stata, gari likiwa bado limesimama konveta inaweza kuzidisha torki ya injini kwa takribani mara mbili. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, naye alilikusudia kwa meli.

Kila konveta ina kasi ya kukwama. Hiyo ni mizunguko ambayo injini inaweza kufikia huku tabaini imezuiwa isizunguke. Konveta ya gari la kawaida hukwama mapema, kwenye mizunguko 2,000 hivi. Ya mashindano huachwa ilegee ili injini ipande hadi 3,500, 4,500 au zaidi kabla gari halijatoka, kwa kuwa injini za mbio huwa dhaifu zikiwa chini. Weka akilini neno kulegea. Litatudai gharama baadaye.

Nyuma ya konveta kuna gia za sayari. Katikati pana gia jua, pembeni yake gia sayari kadhaa zilizoshikwa na fremu moja, na nje kabisa gia pete yenye meno kwa ndani. Meno haya hayaachani kamwe. Klachi na bendi hushika sehemu moja na kuiachia nyingine, na kila kinaposhikwa kitu tofauti, uwiano hubadilika.

Giaboksi nyingi za gia tatu za Marekani hufuata mpango wa mhandisi Howard Simpson, ambamo seti mbili za sayari zinatumia gia jua moja. Gawanya meno ya gia jua kwa meno ya gia pete uite jibu k. Gia ya kwanza huwa 2 + k, ya pili 1 + k, ya tatu 1 kamili. Sasa tazama namba za giaboksi halisi na uone kama fomula inasema kweli:

TorqueFlite 727 ya Chrysler (1962): 2.45, 1.45, 1.00
Turbo-Hydramatic 400 ya General Motors (1964): 2.48, 1.48, 1.00
C6 ya Ford (1966): 2.46, 1.46, 1.00

Kampuni tatu zilizoshindana, na tofauti kati ya gia ya kwanza na ya pili ni 1 kila mahali. Ukielewa hilo huhitaji kukariri namba tisa.

Wagombea wetu

Kwa mtu wetu tutashindanisha giaboksi tatu za General Motors, kwa sababu zote zinafungika kwenye injini za aina moja na zote zinatumika kweli katika mchezo huu.

Powerglide, iliyotolewa na Chevrolet mwaka 1950 na kuendelea hadi 1973, ina gia mbili tu: 1.76 na 1.00 (nyingine zilitoka na 1.82). Ni nyepesi, na vitu vinavyozunguka ndani yake ni vichache.

Turbo-Hydramatic 400, ambayo mafundi huiita TH400, ina gia tatu ulizoziona hapo juu. Ilifungwa kwenye Cadillac, kwenye malori, na hata Rolls-Royce waliinunua.

4L80-E ilikuja mwaka 1991. Kwa mwili ni mtoto wa TH400: gia zake tatu za kwanza ni zile zile 2.48, 1.48 na 1.00, lakini imeongezewa ya nne yenye uwiano 0.75, klachi ya kuifunga konveta, na kompyuta ya kuiendesha. Ndiyo nzito kuliko zote tatu.

Gia yenye uwiano chini ya 1 huitwa ovadraivu. Shafti ya kutokea huzunguka haraka kuliko injini.

Mfano wa 1: kani wakati wa kutoka

Gari lina tungamo la kilo 1,600 pamoja na dereva. Difu ina uwiano 3.73. Nusu kipenyo cha tairi ni mita 0.355. Injini inatoa Nm 800 wakati konveta imekwama, na konveta inazidisha torki mara 2. Tafuta kani inayosukuma ardhi kwa TH400 na kwa Powerglide. Puuza upotevu, na chukua g = 10.

Kwa TH400: torki kwenye ekseli = 800 × 2 × 2.48 × 3.73 = Nm 14,801. Kani = 14,801 ÷ 0.355 = nyutoni 41,692.

Kwa Powerglide: 800 × 2 × 1.76 × 3.73 = Nm 10,504. Kani = 10,504 ÷ 0.355 = nyutoni 29,589.

Mtahiniwa wa haraka hufunga kalamu hapa na kuandika kwamba TH400 ni bora kwa kuwa kani yake ni kubwa. Usifanye hivyo. Uliza: je, tairi linaweza kuipokea kani hiyo?

Kani kubwa kabisa ya msuguano ni kizigeu cha msuguano zidisha kani inayolikandamiza tairi. Gari likitoka kwa nguvu, pua huinuka na uzito huhamia nyuma. Tulipe upendeleo wa mwisho: tuseme uzito wote, nyutoni 16,000, umekaa kwenye matairi mawili ya nyuma. Tairi laini la mashindano kwenye uwanja ulionyunyiziwa gundi huweza kupita kizigeu cha 1, jambo ambalo tairi la kawaida kwenye lami kwa nadra hulifikia. Tuchukue 1.5. Msuguano mkubwa kabisa = 1.5 × 16,000 = nyutoni 24,000.

Zote mbili zimezidi! TH400 imezidi kwa nyutoni 17,692, Powerglide kwa 5,589. Kani inayozidi haisukumi gari. Inazungusha matairi mahali pale pale na kutoa moshi ambao watazamaji huushangilia huku dereva akipoteza mbio. Tena, tairi likishaanza kuteleza, msuguano hushuka chini ya ule wa kusimama, na gari huwa vigumu kulishika.

Hii ndiyo sababu giaboksi yenye gia mbili, iliyobuniwa kwa magari ya familia ya mwaka 1950, bado inashinda mbio leo. Udhaifu wa gia yake ya kwanza umegeuka kuwa faida, maana injini za siku hizi zina torki ya ziada na kinachokosekana ni mshiko. Kwa injini ndogo kwenye gari zito hoja hii hupinduka: kani haitafika kikomo cha msuguano, na hapo ni TH400 itakayotangulia. Mtahini anaweza kukubadilishia namba moja tu ili aone kama ulielewa au ulikariri.

Idadi ya kubadilisha gia nayo ina maana. Kwa mizunguko 6,500 Powerglide hufikisha gari hili kilomita 132 kwa saa kabla ya kubadilisha, na hubadilisha mara moja tu. TH400 hubadilisha kwenye 94, kisha tena kwenye 157 au 158 hivi. Kila badiliko ni nafasi ya matairi kuteleza na nafasi ya muda kutofautiana na wa safari iliyopita.

Hata hivyo gia mbili zina bei yake. Ukibadilisha kutoka 1.76 kwenda 1.00 kwa mizunguko 6,500, hesabu inasema injini itashuka hadi 6,500 ÷ 1.76 = 3,693. Ni shimo refu. Konveta iliyolegea hulijaza kwa sehemu, kwa sababu inateleza na kuiacha injini ipande. Injini ambayo torki yake imetanda haitahangaika. Injini inayotoa nguvu ikiwa juu kabisa tu itaonekana kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Mfano wa 2: Jumatatu asubuhi

Gari lile lile liko barabara kuu kwa kilomita 110 kwa saa. Mzingo wa tairi ni mita 2.23. Injini inazunguka mara ngapi kwa dakika kwenye gia ya juu?

Kwanza geuza mwendokasi: 110,000 ÷ 60 = mita 1,833 kwa dakika. Tairi huzunguka 1,833 ÷ 2.23 = mara 822. Shafti inayoingia kwenye difu huzunguka 822 × 3.73 = mara 3,066.

Powerglide na TH400 zote zina gia ya juu ya 1.00, kwa hiyo injini iko kwenye 3,066 hata kabla ya kuhesabu kuteleza kwa konveta. 4L80-E kwenye gia ya nne: 3,066 × 0.75 = 2,300.

Tofauti ni mizunguko 766 kwa dakika, karibu 46,000 kwa saa. Ni mafuta, ni kelele, ni kuchakaa kwa injini ambayo mwenyewe ameitengeneza kwa gharama kubwa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini asibaki na TH400 na kupunguza difu? Akifunga difu ya 2.73, barabara kuu atapata 822 × 2.73 = mizunguko 2,244. Swali zuri. Lijibu kwa kwenda mwisho wa uwanja. Gari la aina hii linaweza kumaliza robo maili kwa takribani kilomita 225 kwa saa. Hiyo ni mita 3,750 kwa dakika, na tairi linazunguka mara 1,682. Kwa difu ya 3.73 injini iko kwenye 6,274, karibu kabisa na kilele chake cha 6,500. Kwa difu ya 2.73 iko kwenye 4,592. Gari linavuka mstari wa kumalizia kabla injini haijafika mahali ilipotengenezewa kufanya kazi. Ovadraivu ndiyo inayomruhusu mtu awe na difu ya mbio na mwendo wa barabarani ndani ya gari moja.

Mfano wa 3: joto

Sasa turudi kwenye konveta iliyolegea.

Dereva wa mashindano hutumia transibreki. Ni kifaa kinachoshika gia ya kwanza na ya kurudi nyuma kwa wakati mmoja, hivyo gari haliendi popote ingawa injini inanguruma kwa nguvu. Akiachia kitufe, ya kurudi nyuma inafunguka na gari linaruka. Wakati limeshikwa, mwendokasi ni sifuri, kwa hiyo kazi inayofanywa kwa gari ni sifuri. Nishati yote ya injini inakwenda wapi?

Uwezo = 800 × 3,500 ÷ 9,549 = kilowati 293. Akishikilia kwa sekunde 3, nishati ni 293 × 3 = kilojuli 879. Oili ni kilo 10, na joto mahususi lake ni takribani 2,000 J/kg°C. Kutokana na Q = mcΔθ:

Δθ = 879,000 ÷ (10 × 2,000) = nyuzi 44 za Selsiasi.

Sekunde tatu, nyuzi 44. Kama oili ilikuwa 80, sasa ni 124. Na tumeigawa kwa oili yote. Ile iliyo ndani ya konveta peke yake hupata moto zaidi kabla haijachanganyika na nyingine. Oili ikipikwa hivyo mara kwa mara huwa nyeusi, hunuka kama kitu kilichoungua, na klachi za ndani huanza kuteleza. Fundi anayechomoa kijiti cha oili na kukinusa kabla ya kusema lolote anapima historia ya halijoto. Mafundi wa kwetu hufanya vivyo hivyo kwa otomatiki za magari yaliyotumika kutoka Japani, na kanuni ni ile ile.

Barabara kuu ina joto la aina nyingine, la polepole. Konveta yenye kasi ya kukwama ya 3,500, ikiendeshwa kwa mizunguko 2,300, haijafika mahali inaposhika vizuri. Inateleza muda wote. Ukiongeza ovadraivu bila kufikiri, umeshusha mizunguko ya injini hadi eneo ambalo konveta inateleza zaidi, na faida ya Mfano wa 2 inageuka joto. Dawa yake ni klachi ya kufunga konveta: pampu na tabaini zinashikana na kuzunguka kama kitu kimoja, na kuteleza kunakoma. 4L80-E inayo. TH400 na Powerglide, kama zilivyotoka kiwandani kwa magari ya kawaida, hazina. Ukijibu swali kama hili, hoja hii ya ovadraivu na kufunga konveta ziandamane. Ukitaja moja bila nyingine jibu ni nusu.

Kwa vyovyote vile rejeta ya oili ya giaboksi ni lazima, iwe kubwa, na ipate upepo.

Uchaguzi wangu

Kwa mtu wetu, mwenye nguvu farasi 800, kazi siku tano na uwanja siku moja, ningechukua 4L80-E iliyoimarishwa ndani, konveta ya kukwama kwenye 3,500 hivi yenye klachi ya kufunga, na difu ya 3.73. Anabeba uzito zaidi na analipia kompyuta ya kuiendesha. Kani yake ya kutoka ni sawa na ya TH400, kwa hiyo tatizo la Mfano wa 1 linabaki. Atalipunguza kwa kutoka na mizunguko michache na kuachia nguvu polepole.

Kama angekuwa anaendesha barabarani kwa nadra, kwenda na kurudi uwanjani tu, TH400 ingemtosha na kumwachia fedha za matairi. Powerglide ningempa siku ile atakapoacha kabisa kulifikiria gari hili kama la barabarani, na akalipunguza uzito. Ukiandika katika mtihani kwamba Powerglide ni bora "kwa sababu hutumiwa na mabingwa", hujajibu chochote. Mabingwa hawaendi nayo kazini.

Usidhani pia kwamba gia chache ndiyo sheria ya milele. Kwa modeli ya mwaka 2018 Dodge walitoa gari aina ya Challenger SRT Demon lenye giaboksi ya gia nane na transibreki ya kiwandani. Kwa mafuta ya mbio lilikuwa na nguvu farasi 840, na muda wake uliothibitishwa na NHRA ni sekunde 9.65 kwa robo maili. Gia yake ya kwanza ni 4.71 na difu 3.09, jumla 14.55, wakati TH400 kwa mtu wetu ni 9.25. Kwa hesabu ya Mfano wa 1 matairi yangesagika kabisa. Kinachoyaokoa ni kompyuta inayoibana torki ya injini kila gari linapotoka, pamoja na matairi mapana na laini. Ikibadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili (3.14), injini inashuka kutoka 6,500 hadi 4,333 tu, na kadiri gia zinavyopanda mashimo huwa mafupi zaidi. Powerglide inadhibiti torki kwa uwiano wa gia zake. Demon inaidhibiti kwa hesabu za kompyuta.

Ngao

Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, Don Garlits alikuwa ameketi nyuma ya injini ya gari lake la mbio, miguu ikiwa pande mbili za giaboksi ya gia mbili aliyokuwa akiijaribu. Taa ilipowaka, giaboksi ilipasuka. Gari lilikatika vipande viwili, naye akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Akiwa anapona alichora gari ambalo injini inakaa nyuma ya dereva, na mwaka 1971 alirudi akashinda nalo. Baada ya muda mfupi magari ya daraja lake karibu yote yakawa hivyo.

Nishati ya kitu kinachozunguka huongezeka kwa mraba wa kasi yake: mizunguko ikiwa mara mbili, nishati ni mara nne. Ngoma ya chuma iliyotengenezwa kwa mizunguko 4,500, ikiendeshwa kwa 7,500, inabeba nishati mara 2.8 ya ile iliyokadiriwa. Kwa hiyo viwanja huyadai magari ya kasi yafungwe ngao ya kuzunguka giaboksi na kinga kwenye bamba linaloiunganisha injini na konveta. Katika orodha ya gharama za mtu wetu, ngao iandikwe kabla ya rangi na kabla ya redio.

Jipime

1. Gari lenye giaboksi ya C6 lina difu ya 3.50 na tairi lenye mzingo wa mita 2.10. Tafuta mizunguko ya injini kwa dakika likienda kilomita 90 kwa saa kwenye gia ya tatu. Puuza kuteleza kwa konveta.

2. Rudia Mfano wa 1 kwa injini inayotoa Nm 350 badala ya 800. Giaboksi ipi sasa ni bora kwa kutoka, na kwa nini?

3. Dereva analalamika kwamba tangu afunge ovadraivu, oili ya giaboksi inapata moto zaidi barabara kuu ingawa injini inazunguka polepole. Eleza chanzo na tiba.

Majibu: (1) Mizunguko 2,500. (2) TH400 inatoa nyutoni 18,240 na Powerglide 12,945. Zote ziko chini ya 24,000, matairi hayatelezi, hivyo yenye kani kubwa zaidi hutangulia. (3) Rudi Mfano wa 3. Jibu lisilotaja kasi ya kukwama ya konveta halipati alama zote.